Kohoa Tena, Mama

Waliokuwa nami wiki iliyopita wanakifahamu kile kiti. Kwa aliyechelewa, nampa kwa ufupi, maana ya leo ni mazito na sina hamu ya kuzunguka.

Mimi ni fundi wa makochi. Mke wangu alikuwa anafua shuka za hoteli kwenye kiwanda cha kufulia cha mwanamke mmoja ambaye wafanyakazi wake humwita Pasi ya Mkaa, kwa sababu hata akinyamaza anatoa moshi. Tangu tumpate mtoto wetu wa mwisho, mke wangu hana breki ya mkojo. Akikohoa, tone. Akicheka, tone. Akinyanyua kitu kizito, hapo si tone tena.

Miaka yote hiyo sikujua, mimi ninayelala naye kitanda kimoja. Kazini nako hawakujua. Mahali pa kufulia kila mtu ameloa kuanzia kifuani hadi vidoleni, nani atauliza maji haya ni ya shuka au ya nani?

Halafu tukapata bahati, na bahati ndiyo iliyotuumbua. Pasi ya Mkaa akampandisha cheo mke wangu. Akamtoa kwenye maji, akamkalisha mapokezi. Sketi kavu, sakafu kavu, kiti cha kitambaa cha kijani, wateja wanamtazama. Hata mwezi haukuisha, kiti kile kikaletwa kwenye karakana yangu. Alikileta bosi mwenyewe, amebana pua, anasema mke wangu amekiharibu na nibadilishe sponji haraka bila kelele.

Ndivyo nilivyopata habari za nyumba yangu. Nilizipata kwenye sponji ya kiti.

Niliipasua nikakuta madoa yamekaa duara ndani ya duara, kama gogo lililokatwa msumeno. Nikaketi chini nikalia. Zile duara zikumbukeni. Mimi nilizisahau upesi mno.

Sasa tuendelee.

Asubuhi ya kwenda hospitali, simu ya mke wangu ikalia kabla hatujafunga mlango. Pasi ya Mkaa hakupiga. Alituma ujumbe. Alisema mke wangu asijisumbue kurudi, viatu vyake vya kazi viko kwenye mfuko kwa mlinzi, getini.

Mke wangu aliusoma, akaurudia, akanipa na mimi niusome. Nikamuuliza kama bado tunakwenda.

Akafunga kilemba chake vizuri. "Kazi imeondoka," akasema. "Mkojo haujaondoka. Twende."

Tulikuwa tunamwahi daktari bingwa, mgeni, aliyekuja kwa siku chache na mashine zake. Siku hiyo ilikuwa ya mwisho ya kupima. Kesho yake angepasua aliowachagua, kisha afungashe aende zake, na hakuna aliyejua atarudi lini au kama atarudi.

Nesi mmoja mtu mzima, mnene, mwenye sauti ya kuongoza mazishi, alituweka kwenye benchi akatueleza. Alisema mkojo unavuja kwa njia nyingi. Kuna kibofu kinachojikamua chenyewe bila kuulizwa. Kuna kinachovuja kwa sababu ya vijidudu. Kuna tundu linalobaki baada ya uzazi mgumu. Na kuna huku kuvuja kwa kubanwa, mtu anakohoa au anabeba mzigo na mlango unashindwa kuhimili. Daktari huyu anatengeneza hii ya mwisho. Ukimpasua mtu kwa ugonjwa wa mwenzake, unamharibu. Kwa hiyo hachukui mtu kwa maneno. Anamchukua yule aliyemwona anavuja kwa macho yake.

Vipimo vidogo mke wangu alikwisha kuvipita siku za nyuma. Mkojo wake wa kwenye kichupa haukuwa na vijidudu. Walimpa pedi, wakaipima kwenye mizani, wakamtembeza ngazi juu na chini, wakaipima tena, ikawa imeongezeka uzito. Walimulika kibofu baada ya kwenda haja, hakukuwa na mkojo uliobaki. Kilichobaki kilikuwa kikohozi tu. Ukohoe mbele ya daktari, aone.

"Kunyweni maji," nesi akatuambia. "Na msalani mtu asiende. Navitaka vibofu vimejaa. Ukiingia mtupu, daktari ataona nini, ukuta?"

Wanawake wakacheka kidogo, wamebana magoti. Nilisikia maneno yale kwa masikio yangu haya. Mke wangu naye aliyasikia.

Nisikilizeni sasa kosa lenyewe. Mtu mwenye kibofu kizima hawezi kulifanya hata akitaka.

Mke wangu haingii mahali penye watu bila kwanza kupita msalani. Msibani, benki, kwenye kikao cha shule, hata kwa jirani. Wengine hupangusa miguu mlangoni, yeye hupita msalani. Mimi nilidhani ni usafi. Basi nesi alipochungulia akasema anayefuata ni wewe mama, mke wangu akasimama, akanipa mkoba, akaelekea msalani. Na mimi, bwege, nikaupokea mkoba nikamwambia afanye haraka asije akaitwa akakosekana.

Hakuna kati yetu aliyekumbuka. Alirudi amekausha mikono, akaingia ndani kifua mbele.

Mlango haukufungwa sawasawa, nikasikia kila kitu.

Daktari alimwambia alale, akamwambia akohoe. Akakohoa. "Kohoa tena, mama." Akakohoa. "Kwa nguvu, mama." Akakohoa mpaka nikahurumia mbavu zake. Kimya. Nikasikia kitufe cha mashine ya ultrasaundi, daktari anammulika tumboni.

"Umetoka msalani sasa hivi?" daktari akauliza.

"Ndiyo, daktari."

"Kwa nini, mama?"

"Nisije nikakuchafulia kitanda."

Hakumkaripia. Angemkaripia ningejisikia nafuu. Nilisikia tu akimwambia nesi kwamba kibofu ni kitupu, hakuna cha kupima, arudi mwisho wa foleni, na muda ukitosha atamwona.

Mke wangu alitoka akakaa kwenye ncha ya benchi. Hakulia. Aliniangalia kama mtu aliyeacha ufunguo ndani ya nyumba na mlango umejifunga.

"Nenda kaniletee maji," akasema.

Nilijaza chupa bombani nikaileta, akaimaliza. Nikaijaza tena. Alikunywa kama anapewa adhabu. Mbele yetu wenzake waliingia mmoja mmoja. Sijawahi kuona mahali ambapo mtu anatoka amejikojolea na anapongezwa. Mmoja alitoka analia kwa furaha, gauni limeloa nyuma, nesi anamshika mkono kama bibi harusi. Mwingine alitoka mkavu, hakutazama mtu, akapita akaenda zake, na tuliobaki tukainamisha vichwa.

Baadaye maji yakaanza kushuka mahali pake. Nilijua kwa jinsi alivyobana vidole vya miguu ndani ya kandambili.

Hapo sasa ndipo taabu ilipoanza upya. Yale maji yalitakiwa yasubiri. Akikohoa pale benchini, akicheka, akipiga chafya moja tu, yote aliyokunywa yangekwenda sakafuni, na foleni haikuwa tena na mwisho wa kurudi.

Akaniambia nisimsemeshe. Anajua mdomo wangu. Huwa namchekesha hata nisipotaka.

Na kama vile tumetegewa, mfagiaji akatokea na ufagio mkavu, vumbi linampita kichwa. Nikaona pua ya mke wangu inacheza. Akaifunga kwa kilemba, akanishika mkono, kucha zikazama. Nilimsihi mfagiaji asubiri kidogo tu, kuna mgonjwa hapa.

Mfagiaji akasimama akanitazama juu mpaka chini. "Mzee, na wewe ni daktari? Wa vumbi?"

Mabega ya mke wangu yakatikisika. Alikuwa anacheka, masikini, anacheka na machozi yanamtoka kwa kujizuia. Nilimkodolea macho mfagiaji mpaka akaenda kufagia kwingine, akitusonya.

Kicheko kilipomwisha, mke wangu aliegemea ukuta akafumba macho. Alisema kwa sauti ndogo, hata sikujua kama ananiambia mimi.

"Kwenye harusi ya binti yetu nilisimama kutwa nzima. Sikukaa hata mara moja. Wewe ukawa unawaambia watu, mwoneni mama wa bibi harusi, furaha haimkalishi."

Nilikumbuka. Nilikuwa nimelisema kwa kila meza, na watu walinicheka vizuri.

"Nikikosa leo," akasema, "sitakaa na watu tena. Usinilazimishe. Nitakuwa mtu wa ndani."

Mimi ni mtu wa maneno makavu, mteja akinikera namwambia hapo hapo. Pale nilishika mkoba tu.

Jua lilikuwa limegeukia dirisha la upande wa pili alipoitwa. Mara hii hakuna msalani. Nilimsindikiza mpaka mlangoni kama polisi.

Nikasikia tena. Alale. Kibofu kimulikwe. Daktari akasema vizuri, kimejaa sana, hapo sawa. Roho yangu ikatua.

"Kohoa, mama."

Akakohoa.

"Kohoa tena, mama."

Akakohoa. Kimya. Daktari akamsimamisha, maana aliyesimama huvuja upesi kuliko aliyelala. Akakohoa amesimama. Hakuna kitu. Nikasikia nesi anamwambia aachie miguu, asiikutanishe, alegeze meno, asikaze tumbo.

"Usijizuie, mama," daktari akasema. "Hapa ndipo mahali pake."

"Sijui kutojizuia," mke wangu akajibu, na sauti ilikuwa inakatika. "Ndiyo kazi niliyoifanya miaka yote, daktari. Mwili umezoea. Ukisikia kikohozi unajifunga wenyewe."

"Lakini nyumbani unavuja."

"Navuja nikijisahau."

Daktari akavuta pumzi. Akamweleza kwa upole kwamba ipo njia nyingine ya kupima. Wanaweka mpira mwembamba kwenye kibofu, wanakijaza maji polepole, na mashine inasoma nguvu ya kibofu na nguvu ya tumbo, hata mtu ajifunge vipi itaonekana. Mashine hiyo hakuja nayo. Angemwandikia aende kupimwa mbali, na foleni ya huko ni ndefu. Yeye hawezi kumpasua mtu kwa kubahatisha.

Kisha nikasikia mlio wa glavu moja ikivuliwa.

Nilijua mlio ule maana yake nini. Mimi mwenyewe nikimaliza kazi huanza kwa kuvua glavu.

Mlango ukafunguka, nesi akanishika shati. "Wewe si mumewe? Ingia ukaongee na mkeo."

Niliingia. Mke wangu alikuwa amesimama juu ya kitambaa cheupe kilichotandikwa sakafuni, amepandisha gauni hadi magotini, miguu imeachana. Daktari kijana kuliko nilivyodhani, glavu moja mkononi, nyingine kwenye ndoo. Mke wangu aliponiona uso ulimharibika.

"Toka," akasema.

Nilitaka kutoka. Nilitaka pia kumwambia kitu kikubwa, neno la mume, kitu kama kwenye sinema. Hakikuja. Nikaona afadhali nikae kwanza, nitafikiri nikiwa nimekaa.

Nikavuta stuli iliyokuwa nyuma yangu.

Nimetengeneza viti tangu ndevu hazijaota. Hakuna kiti kinachoingia kwangu nisikipindue kwanza kutazama chini yake. Ile stuli sikuipindua. Ilikuwa na magurudumu.

Ikaenda kwake, nikaenda kwangu. Nilianguka kwa matako, mguu ukapiga kitoroli, bakuli la bati likaruka likaanza kuzunguka sakafuni, linalia kama kengele ya baiskeli, linazunguka, linazunguka, na sisi sote wanne tunalisubiri linyamaze.

Likanyamaza.

"Fundi viti," akasema mke wangu.

Akacheka. Hakucheka kile kicheko chake cha kuziba mdomo. Alicheka kutoka chini kabisa, kama alivyokuwa akicheka zamani tulipokuwa tunachumbiana. Na katikati ya kicheko nikasikia maji.

Nilikuwa chini, hivyo niliona kabla ya daktari. Yalishuka juu ya kitambaa cheupe, mengi, kwa mkupuo. Mke wangu akashtuka, akaanza kukutanisha miguu.

"Acha mama, acha," nesi akamwambia. "Acha yamwagike."

Daktari alikwisha kuchuchumaa. "Kohoa sasa. Usingoje, kohoa."

Akakohoa. Yakatoka. Akanyamaza, yakakata. Akakohoa tena, yakatoka tena, hapo hapo na kikohozi.

"Ndiyo hii," daktari akasema. "Inakuja na kikohozi, inaondoka na kikohozi. Ingechelewa kuja, na ikija isikate, ungekuwa ugonjwa mwingine na nisingekugusa."

Mke wangu alijifunika uso kwa upindo wa gauni akalia. Kilio nacho kilimkamua. Nesi akamwacha alie mpaka amalize, anamsugua mgongo, wala hakuna aliyemwambia pole kwa kulowesha sakafu.

Wakamlaza tena kumpiga picha. Mara hii mashine haikuwekwa tumboni. Daktari aliivisha glavu safi, akaiegemeza chini, katikati ya mapaja, nesi amemfunika shuka, akatugeuzia kioo tutazame. Kulikuwa na giza katikati ya ukungu. Giza lile ndilo maji yaliyobaki kibofuni, daktari akasema, na huku chini ndiko shingoni pake.

"Kohoa tena, mama."

Akakohoa, na mimi nikaona. Lile giza lote lilishuka chini kwa mara moja na shingo ikafunguka kama mdomo wa gunia uliokatika kamba. Kikohozi kilipokwisha, likapanda likarudi mahali pake, kana kwamba halikufanya kitu.

"Mikanda imelegea," nikasema.

Daktari akauliza mikanda gani. Nikamwambia chini ya kiti kuna mikanda inayoshikilia sponji, ikilegea, mtu akikaa anazama mpaka mbao. Akasema si mbali na hapo. Hakuna tundu, hakuna jiwe, kibofu chenyewe ni kizima. Kinachotakiwa ni kukishikilia kwa chini, na baadaye mazoezi ya kukaza nyonga asiyaache.

"Zimebaki nafasi mbili kesho," akamwambia mke wangu. "Moja ni yako. Usile chochote kuanzia usiku."

Mke wangu alinishika shingo mbele ya watu. Hajawahi. Nilidhani misukosuko yetu imekwisha, na ningekuwa mtu mwema ningewaaga hapa.

Tulitoka. Korido ilikuwa tupu. Alibaki mwanamke mmoja tu kwenye benchi, amejitanda mtandio mpaka kwenye macho, na miwani ya jua juu yake, ndani ya jengo. Asubuhi hakuwepo. Nesi alikuwa amenung'unika wakati anapanga vitambaa kwamba kuna mtu amepigiwa simu na wakubwa, ameletwa kwa mlango wa nyuma, maelezo hakuyasikia, na nafasi ya mwisho ni yake akivuja.

Sikumtambua kwa uso. Nilitambua viatu. Vya rangi ya damu ya mzee, vyenye bizimu ya shaba. Nilivitazama muda mrefu siku ile karakanani, kwa sababu nilikuwa nimeinamisha kichwa wakati mwenye viatu anamtukana mke wangu.

Mke wangu naye akaviona. Akasimama.

Hakuna aliyesalimia. Na hapo zile duara zikanirudia.

Duara ndani ya duara. Doa jipya juu ya doa la zamani, na la zamani juu ya lililokauka mpaka likawa kahawia. Nimefungua sponji maisha yangu yote. Ile haikuwa ya mwezi mmoja. Ile ilikuwa ya miaka. Na kabla mke wangu hajaketi pale mapokezi, kiti kile cha kijani kilikuwa cha nani?

Kilikuwa chake, bosi. Alikaa yeye mwenyewe akipokea wateja tangu afungue kiwanda.

Nikaelewa mambo yote kwa pamoja. Mwanamke anayevuja humtambua mwenzake. Alimwona mke wangu kule kwenye maji, akamwona anavyobana magoti akinyanyua kapu la shuka, akajua. Akamtafutia mahali pakavu, penye macho ya watu.

Hakumpa cheo. Alimpa kiti, pamoja na madoa yake.

Nilimnong'oneza mke wangu sikioni, maneno machache tu. Hakugeuka. Alikuwa anamtazama yule mwanamke, na yule mwanamke anatazama sakafu.

Nesi akachungulia. "Mama wa mwisho, jiandae. Tunabadilisha kitambaa, nitakuita." Akarudisha mlango.

Pasi ya Mkaa akasimama. Akaweka mkoba wake benchini. Hakuelekea kwenye mlango wa daktari. Aligeukia kushoto, kwa hatua fupi fupi, magoti yamekaribiana, mwendo ninaoujua kuliko ninavyoujua mwendo wangu.

Alikuwa anakwenda msalani.

Mke wangu alistuka, akainua mguu. Nikamdaka kifundo cha mkono.

"Mwache," nikasema.

"Unajua anakwenda kufanya nini."

"Najua. Mwache aende."

"Daktari anaondoka. Huyu hana mwisho wa foleni wa kurudi."

"Na wewe una kazi ya kurudi?" nikamuuliza. "Viatu vyako viko wapi sasa hivi?"

Hilo lilimpata. Mkono wake ukalegea kidogo ndani ya mkono wangu. Nilimwona anawaza. Pengine aliwaza mfuko ule kwa mlinzi. Pengine aliwaza wateja waliokuwa wakimtazama kwenye kile kiti. Siwezi kumsemea. Najua niliyoyawaza mimi, nayo ni haya: aingie, afunge mlango, akojoe mpaka tone la mwisho, kisha aje akohoe mpaka kesho.

Pasi ya Mkaa alifika. Akashika kitasa. Halafu akageuka kututazama, akavua ile miwani, na macho yalikuwa yale yale niliyoyaona ndani, juu ya kitambaa cheupe, mke wangu aliponiambia nitoke.

"Fundi," akaniita, polepole. "Ile sponji uliitupa?"

Nikainamisha macho kwenye viatu vyake.

Akausukuma mlango wa msalani kwa bega.

Mke wangu akaung'oa mkono wake kutoka mkononi mwangu, akafungua mdomo. Alichosema, njooni wiki ijayo.